Mgongoni mwa Mzigo: Historia ya Nauli Nafuu Korogwe na Handeni

Swali la msafiri asiye na fedha nyingi ni lile lile kila mahali: basi, treni au ndege, kipi kitamfikisha kwa gharama ndogo? Ulaya, ambako vyombo vyote vitatu vinagombea abiria mmoja, vijana hukaa na simu wakipekua nauli za kutoka London hadi Berlin kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Korogwe nako swali hilo limerudi tangu Desemba 2019, treni ya abiria ya Dar es Salaam na Moshi ilipoanza tena kupita baada ya kimya cha takriban robo karne. Handeni, kilometa 65 tu kutoka Korogwe kwa barabara, swali hilo halijawahi kuwa na majibu matatu, na kwa muda mrefu halikuwa hata na mawili. Wilaya hizi za Mkoa wa Tanga ni jirani na ndugu; Wazigua wako pande zote mbili, na mahindi, machungwa na wachumba huvuka mpaka kila siku. Lakini moja ilipata reli mwaka 1902 na nyingine ikaikosa, na kwa sababu hiyo zinatufaa sana kupimia nauli nafuu hutoka wapi. Hoja ya makala haya ni kwamba haitoki katika chombo chenyewe. Mtu wa kawaida husafiri kwa bei nafuu pale ambapo mzigo wa mtu mwingine, au kodi ya umma, imekwishalipia njia. Mzigo ukiondoka, chombo hupandisha nauli au hutoweka, kiwe cha reli, cha matairi au cha mabawa.

Kabla ya reli, usafiri ulikuwa wa miguu na mzigo ulikaa kichwani. Bonde la Mto Ruvu, ambao kwenye ramani huitwa Pangani, lilikuwa njia kuu ya misafara kutoka pwani kwenda Upare na Kilimanjaro. Richard Burton na John Speke walilifuata bonde hilo Februari 1857, walipotoka Pangani kwenda Vuga kwa Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Usambara. Kusini zaidi, njia za kutoka Pangani na Saadani zilikata Uzigua kuelekea Unguu na bara. Vitambaa, shanga na baruti vilipanda. Pembe za ndovu, nafaka na tumbaku vilishuka. Mpagazi alibeba kilo 30 hivi, naye hakulipa nauli bali alilipwa ujira na posho. Mchuuzi mdogo au mtu aliyekwenda kuwaona ndugu zake mbali alijiunga na msafara wa mwenye pembe, maana kutembea peke yake kulikuwa kujitafutia kutekwa. Hata wakati huo, basi, mnyonge alisafiri chini ya kivuli cha mali ya mwingine. Na kulikuwa na upande wa kutisha wa safari ya bure. Njaa kubwa ya miaka ya 1830 iliwasukuma Wazigua wengi kupanda majahazi ya watu walioahidi chakula na kazi, wakaishia kuuzwa utumwani Somalia. Wazao wao walioko bonde la Mto Juba wameendelea kusema Kizigua hadi zama zetu. Mtu asiyelipa nauli wala kulipiwa na mzigo alikuwa hatarini kugeuzwa mzigo yeye mwenyewe.

Reli ilikuja na hesabu hiyo hiyo, ila kwa vitabu vya uhasibu. Wajerumani waliunda kampuni ya reli ya Usambara mwaka 1891, na ujenzi ukaanza Tanga mwaka 1893. Nia ilikuwa kufika Korogwe na kuwafikia walowezi waliokuwa wakipanda kahawa milimani. Fedha zikaishia Muheza, kilometa 40 tu kutoka baharini, ambako treni ilifika mwaka 1896. Kahawa iliyotarajiwa kuyajaza mabehewa haikustawi kama ilivyotangazwa, kampuni ikalemewa, na mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua reli yote. Kwa fedha za serikali ndipo reli ikasonga: Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Tuangalie vizuri mfuatano huo, kwa sababu kuna masimulizi yanayosema reli iliifungua nchi kisha biashara ikafuata. Reli hii ilianza bila biashara ikakwama, ikaokolewa na mlipakodi, na ikasimama imara pale tu mzigo mzito ulipopatikana. Mzigo huo ulikuwa mkonge. Mwaka 1893, mwaka ule ule wa kuanza ujenzi, Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge iliyotoka Florida, ikasalia hai 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakazaliwa mashamba yaliyoijaza nchi tambarare kuanzia Tanga hadi Mazinde, yakiwemo ya Hale na Ngombezi ambayo kila mtu wa Korogwe anayajua.

Mkonge na reli vilihitajiana kwa sababu iliyo wazi kwa yeyote aliyewahi kusimama karibu na korona, yaani mtambo wa kuchakata majani ya mkonge kuwa nyuzi. Majani ni maji matupu: ili kupata tani moja ya nyuzi hukatwa tani 25 au zaidi. Kwa hiyo majani hayasafirishwi mbali. Hukatwa, hupangwa kwenye vitoroli vinavyopita juu ya vijireli vyembamba vya shambani, na kuingizwa koronani siku hiyo hiyo. Nyuzi zikikaushwa na kufungwa marobota, hapo ndipo safari ndefu ya bandarini huanza. Marobota yalikuwa mengi, mazito, na yalitoka mwaka mzima, si msimu mmoja kama kahawa. Hicho ndicho chakula cha reli. Handeni, iliyo chini, kavu, yenye mvua za kubahatisha na mbung'o wengi, haikuwavutia walowezi wala wenye mashamba makubwa kwa kiwango hicho, kwa hiyo reli ikapita kaskazini yake ikiufuata mto na milima. Watu wa Handeni walikuwa na nafaka ya kuuza miaka yenye mvua, na kabla ya ukoloni waliiuza pwani. Ila nafaka inayovunwa mwaka huu na kukosekana mwaka ujao haiwezi kuwashawishi wajenzi wa reli.

Ipo sura moja ya historia hii ambayo wengi hawaijui: Handeni iliwahi kuwa na reli. Vita vya 1914 vilipoanza, Wajerumani walikuwa na njia mbili za treni zisizokutana. Ile ya Tanga iliishia Moshi, na ile ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka huo huo wa 1914. Meli za Kiingereza zilikuwa zimefunga bahari, na askari, nafaka na risasi vilihitajika kuhama kutoka njia moja hadi nyingine kwa nchi kavu. Ndipo reli nyepesi, za aina ile ile iliyotumika katika mashamba ya mkonge, zikalazwa kutoka Mombo hadi Handeni, na kutoka hapo wapagazi wakaendelea na mizigo kuelekea Reli ya Kati. Njia hiyo haikuwa na kichwa cha treni. Vitoroli vilisukumwa na watu: mikono juu ya ubao, miguu ikikanyaga katikati ya vyuma, jua la nyika mgongoni, kilometa baada ya kilometa. Katikati ya Juni 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliiteka Korogwe na siku chache baadaye Handeni. Haja ya kijeshi ikapita, na Handeni haikubaki na reli. Mtu akisema Handeni ilikosa reli kwa sababu ya ardhi yake, vita hivyo vinamjibu: ardhi ilipitika, na njia ilijengwa kwa muda mfupi mno alipotokea mwenye mzigo aliyeihitaji. Kilichokosekana baada ya hapo ni mzigo ambao mwenye nguvu angekubali kuulipia.

Waingereza walirithi reli pamoja na mantiki yake. Wakati wa vita walikuwa wamejenga kipande cha kuunganisha Voi na upande wa Moshi, na baada ya vita njia hiyo ikawapa wafanyabiashara wa Kilimanjaro mlango wa pili kwenda baharini, yaani Mombasa. Njia ya Tanga ilifika Arusha mwaka 1929, lakini tegemeo lake kuu likawa mkonge wa Korogwe, Muheza na Tanga kuliko kahawa ya Moshi. Ili kuilinda, serikali za kikoloni za Afrika Mashariki ziliwabana wenye malori kwa leseni, wasigombee mizigo sambamba na reli. Mahali ambapo gari lilipata nafasi yake ni pale reli ilipokosekana. Kwa hiyo barabara ya vumbi ya Korogwe, Handeni, Mziha, Turiani hadi Morogoro ikawa daraja kati ya njia mbili za treni, na mji wa Handeni ukaishi kwa magari yaliyopita hapo. Hadi mwaka 1963, kipande cha reli cha kilometa 188 kutoka Mnyusi hadi stesheni ya Ruvu kwenye Reli ya Kati kilipofunguliwa, mtu wa Tanga aliyetaka Reli ya Kati hakuwa na treni ya kumfikisha. Kipande hicho kilimaliza kazi iliyoanzwa kwa vitoroli vya vita, ila kilipita mashariki, mbali na mji wa Handeni. Baada ya Uhuru barabara ya lami ya Chalinze hadi Segera nayo ikahamishia magari Mkata na Kabuku, na njia ya zamani ya Morogoro ikabaki ya wenyeji.

Katika miaka hiyo ya mkonge, nani hasa alisafiri kwa nafuu? Jibu la haraka ni manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi yao ya kuajiri vibarua, nayo ikawakusanya watu kutoka magharibi na kusini mwa nchi, Kigoma, Njombe, Songea na kwingineko, ikawalipia treni, malori na vituo vya kulala njiani hadi Tanga. Watu hao walikwenda mbali kuliko babu zao walivyowahi kuota, bila kutoa senti mfukoni. Lakini hawakuwa abiria. Walikuwa sehemu ya gharama ya uzalishaji, wakipelekwa walikotakiwa kwa masharti ya mkataba. Wazigua na Wasambaa wa karibu, ambao hawakuhitaji kusafirishwa, walikwenda mashambani kwa miguu na kufanya kazi kwa kipande cha siku 30. Nafuu ya pili ilikuwa ya daraja la tatu. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, lilipata mapato yake mengi kwenye shehena, na behewa la abiria maskini liliburutwa na treni ambazo stesheni zake, mafundi wake na mataruma yake vilikuwa vimekwishalipiwa na marobota. Mama aliyepanda Korogwe na kapu la ndizi kwenda Tanga aliona nauli ndogo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Abiria huyo hakuusikia uzito wa robota lililombeba.

Uthibitisho ulikuja mkonge ulipoanguka. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha takriban tani 230,000, ikiongoza duniani. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaporomoka, na mwaka 1967 sehemu kubwa ya mashamba ikataifishwa, yakazidi kuchoka mwaka hadi mwaka. Mwishoni mwa karne uzalishaji ulikuwa umebaki sehemu ndogo tu ya ule wa 1964. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa, na Shirika la Reli Tanzania likaanza na vichwa na mabehewa machache kuliko mahitaji. Njia ya Tanga iliumia kuliko Reli ya Kati, kwa sababu Reli ya Kati bado ilikuwa na shehena ya maziwa makuu na nchi jirani. Katika miaka ya 1990 treni za abiria za kaskazini zikasimama. Majani yakaota kati ya vyuma pale Korogwe, na stesheni ikawa mahali pa kupumzikia kivulini. Abiria hawakuikimbia treni kwa ughali wake. Treni ndiyo iliyowakimbia abiria, kwa sababu aliyekuwa akiwalipia alikuwa hayupo tena.

Nafasi yake ikachukuliwa na basi. Mwaka 1970 serikali ilitaifisha kampuni ya mabasi ya Dar es Salaam, na mwaka 1974 ikaigawa: UDA kwa ajili ya mji, KAMATA kwa ajili ya safari za mikoani. Vipuri vikaadimika, foleni zikawa ndefu, na katika miaka ya 1980 milango ikafunguliwa kwa watu binafsi. Leo basi linalotoka Arusha likiingia stendi ya Korogwe halijatulia vizuri, madirisha yamekwishazungukwa. Machungwa kwenye nyavu yananyanyuliwa juu, mayai ya kuchemsha na kachumbari yake, maji, korosho. Abiria anatoa noti, chenji inamkimbilia huku gari likianza kuondoka. Upande wa pili, kwenye buti, kunafanyika biashara ambayo abiria wengi hawaioni. Konda anapokea boksi lililofungwa kwa selotepu na kuandikwa namba ya simu kwa kalamu nene, kisha kiroba cha mchele, kisha ndoo ya asali, na kila kimoja kinalipiwa. Mwenye basi anajua kuwa siku ambayo viti viko nusu, vifurushi ndivyo vinavyonunua dizeli. Gari dogo la Handeni kwenda Korogwe nalo haliondoki mpaka mahindi yamepangwa juu ya keria. Mambo ni yale yale ya msafara na ya marobota, kwa umbo dogo zaidi.

Atatokea wa kupinga hapa: nauli ya basi imeshushwa na ushindani wa wenye magari, si na mzigo wala na kodi, tazama KAMATA ilivyokuwa, kisha tazama mabasi binafsi yanavyogombea abiria. Hoja hii ina nguvu, na haifai kupuuzwa. Ushindani umeleta mabasi mengi, saa nyingi za kuondoka, na huduma ambazo shirika moja la umma halikuweza kutoa. Lakini ushindani hauanzi porini. Mabasi hugombana mahali palipo na lami, na lami hailipiwi na mwenye basi peke yake. Tangu Mfuko wa Barabara ulipoimarishwa na TANROADS, wakala wa barabara kuu, kuanzishwa mwaka 2000, kila lita ya petroli na dizeli hukatwa tozo ya matengenezo, na mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zilizo chini ya TARURA. Mwenye pikipiki, mwenye mashine ya kusaga na mwenye lori la saruji wote wanachangia barabara ambayo basi linapita. Handeni ndiyo shahidi. Miaka yote ya ushindani huru, wakati barabara za Korogwe hadi Handeni na Handeni hadi Mkata zilikuwa za vumbi na tope, ushindani ule haukuifikia. Masika ikija, msafiri alikaa juu ya magunia ndani ya lori na kulipa alichotajiwa. Lami ilipofika ndipo mabasi na magari madogo yalipoongezeka. Kwa viwango vya Desemba 2023 vya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, basi la kawaida la mikoani liliruhusiwa kutoza hadi shilingi 48.47 kwa kila abiria kwa kilometa, maana yake kilometa 65 za Handeni na Korogwe zilikuwa kama shilingi 3,150. Bei hiyo haina maana yoyote bila lami iliyolipiwa kwanza na umma.

Pingamizi la pili linatoka kwa wapenzi wa treni. Treni iliyorudi Desemba 2019, watasema, ilitoza shilingi 16,500 daraja la tatu kutoka Dar es Salaam hadi Moshi, chini ya nauli ya basi. Je, hiyo si nafuu ya chombo chenyewe? Ni kweli kwamba gurudumu la chuma juu ya chuma huvuta tani moja kwa mafuta machache kuliko tairi juu ya lami. Hiyo ni fizikia, haibishaniwi. Lakini angalia nini kilitangulia. Julai 2019, miezi mitano kabla ya abiria, ilipita treni ya shehena iliyobeba saruji ya Tanga kwenda Moshi. Saruji ilifungua njia, abiria wakafuata nyuma yake, na ukarabati wote ulilipiwa na serikali. Kwa mkazi wa Korogwe mjini ambaye si mtu wa haraka, treni hiyo ni nafuu ya kweli, hasa mwisho wa mwaka watu wanapokwenda kwao kwa sikukuu na mabasi yanajaa. Kwa mkazi wa Kwamkono au Kideleko, upande wa Handeni, hesabu ni nyingine. Inampasa kulipa gari hadi Korogwe, kusubiri siku ya treni kwa kuwa haipiti kila siku, pengine kulala, kula, na kushuka Dar es Salaam na vifurushi vyake kutafuta gari jingine. Nauli iliyochapwa kwenye tiketi ni sehemu tu ya gharama ya safari, na kadiri mtu anavyokaa mbali na stesheni ndivyo sehemu hiyo inavyozidi kuwa ndogo.

Ndege inaonyesha hoja hii kwa uwazi kuliko vyote. Novemba 2012 kampuni ya Fastjet, iliyoungwa mkono na Stelios Haji-Ioannou, mwanzilishi wa easyJet ya Uingereza, ilianza safari za Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro na Mwanza kwa tiketi za kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi. Watu waliokuwa hawajawahi kupanda ndege walipanda. Siri ya bei hiyo ni ile inayotumika Ulaya: kiti huuzwa rahisi, kisha begi hulipiwa pembeni. Kwa maneno mengine, ndege ya bei nafuu humtenganisha abiria na mzigo wake, na hilo linamfaa mtu wa mkoba mmoja. Mtu wa Handeni anasafiri na kuku, kiroba cha unga na machungwa ya wajukuu; safari yake na mzigo wake ni kitu kimoja. Isitoshe, ndege ya Kilimanjaro haishuki njiani, na hakuna bei inayoweza kumfaa mtu ambaye chombo kinapita juu ya paa lake. Kufikia mwisho wa 2018 Fastjet ilikuwa imeacha safari zake nchini. Huko Ulaya kwenyewe, ambako ndege za aina hii zimedumu, mafuta ya ndege za kimataifa hayatozwi kodi, hivyo umma unachangia kwa kile usichokusanya. Na Ujerumani, nchi iliyojenga reli ya Usambara, iliyabana mabasi yake ya masafa marefu ili kuilinda reli tangu miaka ya 1930 hadi sheria ilipolegezwa mwanzoni mwa 2013. Mwaka huo huo FlixBus ikaanza kazi. Kijana anayelinganisha nauli kule anadhani analinganisha injini. Kwa kiasi kikubwa analinganisha sheria na kodi.

Liko pingamizi la tatu, zito kuliko mengine: kwamba nafuu ya basi imelipiwa kwa damu. Februari 2023, eneo la Magila Gereza wilayani Korogwe, lori na basi dogo aina ya Coaster viligongana usiku. Coaster ilikuwa ikisindikiza maiti kutoka Dar es Salaam kwenda kuzikwa Rombo. Watu 17 waliripotiwa kufa mwanzoni, na idadi ikapanda siku zilizofuata. Barabara hiyo ina njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, na juu yake hupita malori ya shehena ambayo zamani ingebebwa na reli. Pingamizi hili haliipindui hoja yetu, linaipa uzito. Mzigo ulipohama kutoka relini kwenda barabarani, ulihamisha nafuu na hatari pamoja. Abiria wa basi leo anapata lami iliyochangiwa na lori, kisha anakutana na lori hilo hilo kwenye kona. Kurudisha saruji, mbolea na nafaka relini kungempunguzia hatari abiria wa basi hata kama yeye mwenyewe hatapanda treni maisha yake yote. Hiyo ndiyo sababu bora ya kufufua reli ya Tanga, na ni nadra kusikika, kwa kuwa mazungumzo yote huishia kwenye bei ya tiketi.

Sasa nchi imeingia zama za reli ya kisasa. Treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Morogoro ilianza kubeba abiria Juni 2024 na kufika Dodoma Julai mwaka huo, kwa shilingi 13,000 na 31,000 za daraja la kawaida, na upo mpango wa njia ya namna hiyo kutoka Tanga hadi Arusha na kuendelea Musoma. Ikijengwa, itapita tena karibu na Korogwe, na Handeni itasikia tena honi kwa mbali. Historia ya miaka zaidi ya 120 inaonyesha maswali ya kuuliza mapema. Mzigo gani utailisha njia hii kila siku, mwaka mzima, baada ya shangwe za ufunguzi? Mahindi na machungwa ya Handeni yatakusanywa wapi, kwenye ghala gani, na yatafikaje stesheni? Magari ya Handeni, Mkata na Kabuku yatapangwa kufika kabla ya treni, au kila mtu atajitafutia? Muheza mwaka 1896 ilionyesha kwamba reli bila shehena hufilisika, na miaka ya 1990 ilionyesha kwamba hata iliyozeeka hufa shehena ikiondoka. Kwa hiyo wananchi wa wilaya hizi mbili, madiwani na wabunge wao, mkiitwa kutoa maoni juu ya reli mpya, msianze na nauli. Anzeni na ghala la mizigo Korogwe na barabara ya kulifikia kutoka Handeni. Vikiwepo hivyo, nauli ya abiria itakuwa na wa kuibeba.